Lori Lililokwama Njia ya Modogashe

Sisi tuliokua Garissa kabla lami haijaenda mbali, tulijua safari kwa harufu. Lori likitoka upande wa Modogashe lilinuka mbuzi, dizeli na maziwa ya ngamia yaliyoanza kuchacha. Vumbi lake tulilila mpaka jioni, na tulilipenda hivyo hivyo. Tukitoka madrasa tulikimbilia barabarani. Atakayeliona lori kwanza ndiye dereva siku hiyo.

Reli pia tulikuwa nayo, ya midomo. Mwalimu alituambia iko siku treni itafika Garissa, nasi tukaona ya nini kungoja. Tulishikana mashati nyuma kwa nyuma, tukapita katikati ya maduka tukipiga honi, mpaka mama mmoja muuza chai atufukuze: "Nendeni huko na treni yenu, mtanimwagia birika." Injini nilikuwa mimi. Nilimwahidi ayeeyo, nyanya yangu mzaa mama, aliyeishi na ngamia wake huko mbele ya Modogashe, kwamba nitamleta mjini kwa treni.

"Hiyo treni itakubali ngamia?" akaniuliza.

Nikamwambia watakuwa na behewa lao.

Basi mwaka mmoja wa mvua nyingi, dereva wa lori alileta habari nyumbani: ayeeyo amelala siku ya nne, anamtaja hooyo, mama yangu. Hooyo hakuuliza mengi. Alifunga nguo mbili kwenye leso, akanishika mkono, tukapanda lori lile lile likirudi, juu ya magunia ya unga.

Kesho yake mchana tukazama topeni. Dereva, mtu wa mzaha, akasema, "Shukeni wote. Hii si ngamia, haitainuka yenyewe." Wanaume wakakata vichaka, wakavitandika chini ya magurudumu. Lori likanguruma sana, likazidi kwenda chini.

Kwangu mimi ilikuwa sikukuu. Hakuna shule, hakuna madrasa. Tuliteleza kwenye tope na watoto wengine, tukafinyanga malori ya udongo, tukala anjera na chai ya rangi. Hooyo alikaa peke yake juu ya gunia, uso ameuelekeza njiani.

"Kwa miguu ni mbali?" akamuuliza dereva.

"Na mtoto, mama? Laga hapo mbele imejaa maji, haivukiki. Kesho itakauka, inshallah."

Siku ya pili jua likatoka na watu wakashukuru. Mimi nikajifunika shuka ya hooyo, nikamwomba Mungu lori likae siku moja tu zaidi. Alasiri mvua ikarudi.

Tulipofika, ayeeyo alikuwa amezikwa jana yake. Wanawake walimwambia hooyo kwamba kila aliposikia mngurumo, hata wa radi, alikuwa akiuliza, "Ndio hao?"

Siku hizi lami inateleza kama kitambaa. Vijana wa leo, basi likisimama kwenye kizuizi cha polisi dakika kumi, wanalia kwamba chaji inaisha. Nawacheka, halafu nawaonea wivu. Wao mtu wao akiugua asubuhi, kabla ya adhuhuri wako naye, wamemshika mkono. Treni bado hatujaiona, na mimi bado naiota.

Mwezi uliopita nilipita njia hiyo na hooyo. Alikuwa amesinzia, akashtuka. "Tumefika pale?"

"Pale tumeshapita, hooyo."

Akageuka kutazama nyuma. Palikuwa na lami tu na vichaka, na mbuzi wa watu.

"Ilikuwa siku moja," akasema. "Tungewahi kwa siku moja tu. Lakini mvua ni ya Mungu, nani alaumiwe."

Nikataka kumwambia nililoliomba chini ya shuka yake. Nimelibeba miaka yote hii. Zamani njia ile ingenipa siku nzima ya kutafuta maneno. Sasa basi lilikuwa linakimbia, na kabla sijapata hata la kwanza, kondakta alikuwa ameshafungua mlango, hooyo anaokota mkoba wake ashuke.