Radhi ya Saniye wa Krete

Saniye binti Husamettin alimlea mwanawe kwa nyimbo zisizo na maneno. Majirani wa mtaa wetu wa Cunda, katika mji wa Ayvalik pwani ya Uturuki, walimsikia dirishani akimbembeleza mtoto, midomo imefumbwa, sauti ikimtoka puani kama nyuki aliyefungiwa mtungini. Si kwamba hakuyajua maneno. Aliyajua yote, na marehemu mama yangu, aliyezaliwa kijiji kimoja naye, aliyajua vilevile. Lakini yalikuwa maneno ya Kiyunani, na Saniye alikuwa ameapa kwamba masikio ya mwanawe hayatayasikia.

Aliletwa hapa kutoka kisiwa cha Krete angali mtoto, mwaka 1924, katika meli ya waliobadilishwa. Wakubwa wa dola mbili, Uyunani na Uturuki, walikaa mezani wakakubaliana kwamba Waislamu wa upande ule waje huku na Wakristo wa upande huu waende kule, ila wachache waliosamehewa, na hakuna aliyeuliza nani anazungumza nini. Basi wakaletwa Waturuki wasiojua neno la Kituruki ila salamu, na wakapelekwa Wayunani ambao baadhi yao hawakuweza hata kumwomba Mungu wao ila kwa Kituruki. Nimepata kusikia kwamba kule waliitwa mbegu ya Waturuki. Huku sisi tuliitwa nusu kafiri. Mizani ya dunia haikosi kusawazisha, hata katika dhuluma.

Wazazi wa Saniye walipewa nyumba ya watu waliofukuzwa. Nyuma ya ukuta wa jiko walikuta mtungi wa zeituni zilizotiwa chumvi, na mamaye alikataa katakata kuzionja, ijapokuwa watoto walikuwa na njaa. Alisema aliyezitia chumvi hakumhalalishia. Zikaoza pale pale.

Wenyeji hawakuwa na subira nasi. Wakrete tunakula majani ya porini ambayo wengine huwapa mifugo, na wako miongoni mwetu waliokula hata konokono, jambo ambalo mimi mwenyewe silitetei. Ikawa kila mwanamke wa kwetu akipita sokoni na kikapu, mmoja humwambia mwenziwe kwa sauti ya kusikika, "Mkrete na ng'ombe waliingia shamba moja. Ng'ombe akatoka na njaa." Yote hayo yalivumilika. Kilichouma ni ulimi. Kwenye kuta palibandikwa matangazo ya kumwamuru raia aseme Kituruki, na siku moja askari wa mji alimtoza faini babaye Saniye kwa kununua tandiko la punda kwa Kikrete, Kiyunani chetu. Mzee alirudi nyumbani akacheka kicheko kibaya. "Kule tulifukuzwa kwa dini," alisema, "huku tunatozwa kwa ulimi. Imebaki pua, sijui ataidai nani."

Saniye alikuwepo, na alilishika neno lile. Alipoolewa na kumzaa Tahsin, mwana wake wa pekee, alimnyima lugha yake kama mama anavyomnyima mtoto kisu. Alizungumza naye Kituruki cha kuokoteza, kifupi, chenye makosa. Mumewe alipofariki, nyumba ile ikawa na watu wawili waliopendana sana na walioambiana machache mno.

Tahsin alisoma akafika mbali; akawa mwalimu mkuu wa shule ya mji. Alikuwa mtu wa bendera na paredi, na matamshi yake ya Kituruki yalikuwa safi kuliko ya wale waliomtania utotoni. Alimheshimu mama yake kwa kila namna. Hakuwahi kutia tonge kinywani kabla yake. Ila mbele ya wageni alikuwa akimsahihisha maneno, kwa upole, na Saniye alikuwa akitabasamu na kunyamaza.

Miaka sitini baada ya meli ile, katika mavuno ya zeituni, kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Ulimi uliporudi, haukurudi ule aliojifunza. Kituruki kilikuwa kimefutika chote, kama chokaa iliyopakwa juu ya rangi ya zamani, mvua ikanyesha. Saniye akawa anazungumza Kikrete mchana kutwa, kwa ufasaha, kama mtu aliyefunguliwa kifungoni.

Tahsin alifunga madirisha. Aliwaambia watu kwamba mama amepoteza kauli. Vikongwe wa Kikrete waliokwenda kumjulia hali walipewa kahawa ukumbini wakaagwa, na mimi, nilipokwenda kumsomea dua, niliambiwa amelala. Nikasoma ukumbini nikaondoka. Mwalimu mkuu hakutaka mji usikie Kiyunani kikitoka nyumbani kwake.

Kwetu, kama kwa Waislamu wote, mtu haachwi afe hivi hivi. Aliye karibu naye humwomba amhalalishie, kwa kuwa haki ya kiumbe haifutwi ila na kiumbe mwenyewe. Na haki ya mama ndiyo nzito kuliko zote. Tahsin alipiga magoti kando ya kitanda akamwomba radhi: ya maziwa aliyonyonya, ya usingizi aliomkosesha. Mama akanyoosha mkono uliobaki mzima akamgusa shavu, akasema maneno mengi. Katika maneno yote yale, mwana alitambua moja tu, na lilirudiwa mara mbili. Alisikia *kopek*, ambalo kwa Kituruki ni mbwa.

Akatoka chumbani. Majira yote ya baridi hakuingia tena.

Haya niliyajua mwanzoni mwa machipuko, pale Munevver, mkewe Tahsin, mwanamke wa bara asiyejua neno la Kikrete, aliponijia baada ya sala ya adhuhuri. Alisimama mlangoni mwa msikiti na kikapu mkononi, akasema ana swali la fikihi.

"Uliza, binti yangu."

"Mgonjwa akili ikimtoka, akamtukana mwanawe, laana yake hushika, Shehe?"

Nilimwambia kwamba kalamu imeinuliwa kwa asiye na akili, haandikiwi dhambi, lakini nilitaka kujua tusi lenyewe. Akatazama nyuma kabla ya kujibu.

"Anamwita mbwa. Kila akimwona akipita mlangoni. Naye haingii tena, anakaa koridoni na redio kaifungulia juu. Mtu mzima, mwalimu mkuu, analia chooni akidhani simsikii."

"Anamwita mbwa kwa Kituruki?"

"Kituruki kimemwisha. *Kopek*, anasema. *Kopeli mu*, sijui nini mbele yake. Hilo la mwisho ndilo baya zaidi?"

"Munevver," nilimwambia, "*kopeli*, kwa Kikrete, ni mtoto wa kiume. *Kopeli mu* ni kijana wangu. Mama yangu aliniita hivyo mpaka alipokufa, na ndevu zangu zilikuwa zimeshaingia mvi."

Aliweka kikapu chini polepole. "Basi baridi yote hii alikuwa akimwita mwanawe," alisema.

Tulimtuma jirani shuleni akamwite Tahsin, nasi tukaenda nyumbani. Saniye alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimsalimu kwa Kikrete. Kabla ya kunijibu alitazama dirisha kwanza, kuona kama limefungwa. Mgonjwa aliyesahau Kituruki chote alikuwa hajasahau hofu.

Kisha akazungumza, na sitayaandika yote. Aliuliza kijana wake yuko wapi, na kamkosea nini, maana kila akimwita hukimbia. Nilimwambia yuko njiani, na kwamba anaomba radhi yake. Akashangaa kwamba mtu anaweza kuomba kitu alichokwisha kupewa. Alisema maziwa yake ni halali kwake, na usingizi wake, na ulimi wake pia. Halafu akanishika mkono.

"Mwambie naye anisamehe," alisema, "kwa zile nyimbo. Zilikuwa na maneno."

Nilimlakinia shahada, nikimtamkia polepole aifuate. Midomo yake ikaifuata nusu, na nusu nyingine aliipeleka kwa Mola wake.

Tahsin alifika akihema, vidole vikiwa bado na chaki. Nilikuwa nimeshamfumba mama yake macho. Nilimweleza neno kwa neno, kwa kuwa amana haipunguzwi. Alisikiliza amesimama, mikono imenyooka ubavuni, kama katika paredi. Nilipofika kwenye *kopeli*, aliniomba nirudie. Alilitamka mwenyewe, akakosea mkazo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasahihishwa matamshi. Halafu akaniuliza kama radhi iliyopitia kwa mkalimani inasihi, yaani ni halali kisheria.

"Inasihi," nilimwambia.

"Mtu na mama yake, kwa mkalimani," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akauchukua mkono ule wa kushoto akauweka shavuni pake. Ulikuwa umeshaanza kupoa.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ningesema huzuni imemfundisha. Siku ya arubaini tulisoma maulidi uani kwake, na wanawake wakakaanga lokma, yale madonge ya unga yanayochovywa katika shira, wakawagawia wapita njia kwa ajili ya roho ya marehemu. Jiwe la kaburi lilikuwa limesimamishwa asubuhi ile. Juu yake liliandikwa kwamba Saniye ni mzaliwa wa Ayvalik. Nilimwita Tahsin pembeni nikamuuliza, kwa kuwa hata maiti haifai kuzuliwa uongo.

"Wajukuu wake wana shule, Shehe," alinijibu bila kuniangalia. "Wataulizwa."

Nami nimezika watu katika mji huu, najua mawe mangapi yanasema vile.

Wageni walipokwisha kula, ulimi ukawalegea. Mzee mmoja muuza kamba, mwenyeji wa asili, alitazama sinia la majani ya porini yaliyochemshwa kwa mafuta ya zeituni, akasema kwamba leo ng'ombe wa Cunda watalala njaa. Watu wakacheka. Tahsin naye akacheka, kicheko kamili, cha mtu asiyehusika, huku akiwapitishia wageni sinia.

Harufu ya mafuta ilikuwa imemvuta mbwa wa mitaani. Aliingia langoni mkia chini. Muuza kamba akaokota kijiwe, akamkemea kwa nguvu, "*Kopek!*"

Mbwa akaruka nje. Tahsin, sinia mikononi, aligeuka haraka kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, akabaki akitafuta kwa macho, uso baada ya uso, sauti imetoka wapi.