Matanga ya Mtu Aliye Hai

Asubuhi ile Njoroge, mume wangu, na majirani wawili walikuwa wakipigana na jiwe. Lilikaa katikati ya uwanja mbele ya nyumba yetu, kubwa kama ng'ombe aliyelala, na hakuna kibarua wa shamba lile la Mau Narok ambaye hakuwa amewahi kujikwaa hapo. Walilisukuma, wakaingiza miti chini yake, kisha wakaanza kulaumiana. Mama mkwe alikuwa ameketi mlangoni akimenya viazi.

“Mnalisukuma ya nini?” akauliza. “Chimbeni shimo hapo kando, lilale.”

Wakachimba, jiwe likabingirika shimoni, wakalifukia. Njoroge akamtania mamake kwamba angezaliwa mwanamume angekuwa chifu. Mama mkwe akamjibu kwamba chifu hamenyi viazi, kwa hivyo hapati wakati wa kufikiri. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kicheko kile nakikumbuka vizuri kwa sababu nyumbani kwetu hakikurudi tena.

Wakoloni walipotangaza Hali ya Hatari, vibarua tulikusanywa tukae pamoja ndani ya ua wa waya. Siku moja nilitoka kuchuma maua ya pareto, nikakuta koti la Njoroge halipo msumarini. Hakuniaga. Sikuhitaji kuuliza alikokwenda. Msitu ulikuwa pale juu tu, na si yeye wa kwanza kuupanda kwenda kupigana.

Tangu hapo nyapara akawa haishi kuja na askari. Walipindua vitanda, wakamwaga unga. Nilipigwa. Mama mkwe pia alipigwa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwishowe bwana wa shamba akatuma neno: kama Njoroge hatapatikana, mke na mama watapakiwa kwenye lori mpaka stesheni ya Nakuru, na treni iwapeleke rizavu, kwenye ardhi waliyotengewa watu weusi. Huko hatukuwa na mtu, wala mahali pa kupanda hata shina moja la maharagwe. Waliopelekwa kabla yetu tulisikia wanakufa njaa.

Nilitafuta uongo kila siku. Niseme yuko Elburgon anapasua mbao. Niseme amenitoroka na mwanamke. Mama mkwe alisikiliza yote.

“Bado unasukuma jiwe,” akaniambia mwishowe. “Wewe unafikiria vile utamficha. Fikiria vile wataacha kumtafuta.”

Alitaka tufanye matanga. Kwetu sisi, mtu akifa, mkewe na mamake hunyolewa nywele. Lakini kumnyolea mtu aliye hai ni mwiko mkubwa; wazee walisema ni kukiita kifo kwa jina. Nilikataa. Nililia. Akaniambia kwamba wembe ataushika yeye, kwa hivyo mwiko ukiwa na meno utamuuma yeye kwanza. Akaninyoa, halafu akajinyoa mwenyewe.

Nilidhani sasa tutatoka nje tupige mayowe. La hasha. Akanifunga kitambaa kichwani na kunionya nisimwambie mtu yeyote. Nikamuuliza watajuaje basi.

“Mtu haamini kitu ameambiwa,” akasema. “Anaamini kile ameiba.”

Ilikuwa hivyo hivyo. Mke wa nyapara aliniona kisogo nilipoinama mtoni kuteka maji. Akaniuliza nimenyolewa kwa nini, nikasema ni chawa. Uongo mbaya kiasi hicho ulifanya kazi nzuri ajabu. Kabla jua halijatua, wanawake walianza kuingia kwetu mmoja mmoja na unga na sukari kidogo, wakaketi bila kusema wamefuata nini. Nyapara naye akaenda kwa bwana kujigamba kwamba amechunguza mwenyewe na kuhakikisha Njoroge amefia msituni.

Wakaacha kuja. Lori likabeba watu wengine, si sisi. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yetu ilikuwa ndefu, na tuliitembea kila mmoja peke yake.

Sijawahi kuwa mpweke kama wakati ule. Wajane wa kweli walinishika mkono wakanipa pole, nami nilikuwa na mume. Walinisimulia waume wao, nikaona haya mpaka nikaanza kuwakwepa. Hata na mama mkwe tuliacha kulitaja jina la Njoroge, maana kuta za udongo zina masikio. Nilikuwa nikichuma pareto na kutazama msitu, kisha nikakumbuka kwamba mjane hatazami msitu, nikaangalia chini.

Nywele zangu zilikuwa zimekua kiasi cha kusukwa lori la askari lilipokuja alasiri moja. Tuliitwa kutoka shambani, tukapangwa foleni mbele ya kibanda cha kukaushia maua. Chini kulikuwa na maiti juu ya magunia. Walitaka jina lake, na watu wake.

Koti nililijua kabla ya uso. Kiraka cha kiwiko nilikishona mimi, kwa uzi niliofumua kwenye gunia.

Mama mkwe alikuwa mbele yangu.

“Unamjua?” askari akamuuliza.

“Simjui,” akasema. “Wangu alikufa kitambo.”

Zamu yangu ikafika. Alikuwa amekonda, ndevu zimemfunika mdomo. Jicho moja halikuwa limefungwa. Nilitamani kuinama nilifunge.

“Simjui.”

Nyuma yangu alifuata nyapara. Alikuwa amefanya kazi na Njoroge kibandani humo miaka mingi. Alimtazama, akanitazama mimi, kisha akamtazama bwana wa shamba aliyesimama kando, ambaye yeye mwenyewe alimhakikishia kwamba mtu huyu alishakufa.

“Huyu ni mtu wa mbali,” akasema.

Waliomfuata wakasema vivyo hivyo mpaka foleni ikaisha. Wakamrusha ndani ya lori, wakaondoka naye. Mpaka leo sijui walimzika wapi.

Turudi kazini, tukaambiwa. Tukarudi. Vidole vya mama mkwe havikukosa ua hata moja.

Jioni hakuna aliyekuja. Walijua, nilikuwa nimeziona nyuso zao. Lakini unga walishaleta, sukari walishaleta, na pole walishatoa. Kunyoa tena hatukuweza, maana tungeulizwa tunamnyolea nani. Mama mkwe alifunga mlango, akajiziba mdomo kwa blanketi, nami nikajiziba kwa langu.

Wapo wanaoamini ni wembe uliomwitia kifo. Mimi nasema ni risasi. Najua pia kwamba bila wembe ule tungepanda lori, na pengine nisingekuwa hapa nasimulia. Akili ya mama mkwe ilituokoa, na sikuwahi kumlaumu. Yeye ndiye aliyejilaumu. Tangu siku ile, mtu akimwendea kuomba shauri, alimjibu: “Uliza mwingine.” Alikufa akijibu hivyo.

Baada ya uhuru shamba liligawanywa, nikapata kipande palipokuwa na nyumba yetu ya zamani. Mwaka wa kwanza, plau ya trekta iligonga jiwe. Dereva akashuka, akasema atafute watu walichimbue, maana litanisumbua kila msimu.

Nikamwambia aliache, alime kando. Njoroge alilizika kwa mikono yake, na katika vyote vyetu vilivyozikwa, ni hilo tu ninalojua mahali lilipo.