Anko na ng'ombe wa themanini na nne

Leo nimemkataza mama yangu kumpelekea anko chai, mbele ya wageni waliokuja kwa mahari ya binti yangu.

Anko alikuwa anawasimulia vile, ule ukame wa themanini na nne, yeye peke yake aliswaga ng'ombe wetu kutoka malishoni ng'ambo ya mto Athi hadi nyumbani Kasikeu. Kwa miguu. Wageni wanamsifu.

Anko alikuwa Mombasa. Ng'ombe tulirudisha mimi na Mama.

Mama akauliza polepole, "Shemeji, asubuhi ulikuwa unawainua na nani?"



Kila mzee pale anajua. Ng'ombe aliyekonda kwa njaa akilala na ile baridi ya Julai, hasimami mwenyewe. Mmoja anashika mkia, mwingine pembe, mnainua pamoja.

Mnajua anko alijibu nini?

"Mama Mwende, kwani chai iko wapi?"

(Mwende ni mimi.)

Na Mama akaanza kuinuka. Na magoti yake hayo.

Nikamwambia, "Kaa, Mama."

Sasa eti sina adabu. Semeni nyinyi.

Chai yake iko jikoni inapoa. Aifuate. Si ni yeye alitembea kutoka Athi?