Maji ya Kisima Chetu na Injini Iliyochemka

Asifiwe Mungu, aliyeweka moto na maji katika dunia moja, akakipa kila kimoja mpaka wake. Asifiwe kwa pumzi ya asubuhi hii, kwa macho yangu yanayoiona karatasi bado, na kwa mke aliyenipa, maana habari hii ni yake kuliko yangu.

Nyumba yetu iko Naviundu, karibu na mto. Uani kuna kisima, na kando ya kisima hulala gari letu. Ni gari la zamani, la usukani wa kulia kama mengi ya hapa mjini. Rangi yake ilikuwa samawati kabla vumbi jekundu halijaamua vingine.

Kwa miaka mingi mke wangu alilitunza gari hilo kwa namna yake. Kila asubuhi, baada ya sala, alichota maji kisimani, akajaza bidoni, lile dumu letu la njano, na kufungua boneti kabla injini haijawashwa. Alikizungusha kifuniko cha radiateri, lile sanduku la bati jembamba lililo mbele, linalopoza maji ya injini, akamimina mpaka likajaa. Akishafunga, aliweka kiganja juu ya kifuniko na kusema maneno machache. Sikuwahi kuyasikia vizuri, kwa sababu hakuwa akisema na mimi. Maji yaliyobaki yalikwenda nyuma ya gari, ya kuongeza njiani. Hivyo nilipokwenda kufundisha dini shuleni, na baadaye, nilipostaafu, kutembelea wagonjwa, nilijua ninakwenda nimeombewa.

Wengi hapa kwetu hufanya vivyo hivyo. Gari likichemka, dereva husimama pembeni na kutafuta maji popote yalipo, kisimani au mtoni, akamimina na kuendelea na safari. Gari limeona kiu, limekunywa, basi.

Mke wangu ana dada yake mkubwa, anayemwita Yaya. Watoto wetu walipokuwa wadogo, mke wangu aliugua kwa muda mrefu baada ya kujifungua, na Yaya akaacha shamba lake kule Mitwaba akaja kutulelea. Ni yeye aliyewasimamia wachimbaji wa kisima chetu. Kila walipotaka kuacha kwa kuchoka, aliwaambia kwamba yeye haondoki ukingoni mpaka asikie ndoo ikigusa maji. Watoto walipokua alirudi kwao. Mwaka huu, joto lilipoanza kuwa kali, alituma sauti kwa simu. Ilikuwa sauti ndogo, kama inayotoka chumba cha ndani.

"Mudogo yangu, kuya mbele ya mvua. Mvua ikianza, barabara itafunga, na miye sijui kama nitaimaliza hii mvua."

Tuliondoka juma hilo hilo. Hatukufika hata Likasi, mji ulio njiani. Mshale wa joto ulipanda mpaka kwenye wekundu na mvuke ukaficha barabara. Tulingoja injini ipoe, tukamimina maji ya bidoni, tukaenda kidogo, ikachemka tena. Tukarudi nyumbani kidogo kidogo, tukisimama kila mahali. Tulipofika mke wangu alimpigia dada yake kumwambia kwamba gari limekataa. Nilimsikia Yaya akijibu kwamba haina neno. Mke wangu akaketi kizingitini mwa jiko, simu ikiwa mapajani, akayatazama mawingu yaliyoanza kujikusanya upande wa kaskazini.

Kesho yake nilimwita jirani yetu, mfanyabiashara aliyetoka upande wa Butembo, mwenye malori yanayobeba unga na mahindi. Kwanza aliigusa injini kuhakikisha ni baridi, akasema madereva wake wawili wamebeba usoni alama za kifuniko kilichofunguliwa kingali moto. Kisha akafungua, akachovya kidole. Kilitoka na rangi ya tofali.

"Mzee," akaniuliza, "nani anatiaka mayi ya kisima mu hii motokari?"

Nilitafuta jibu ambalo lisingekuwa uongo wala lisingemuumiza mtu. Kabla sijalipata, mke wangu, aliyekuwa mlangoni akichekecha unga, alisema, "Ni miye."

Jirani hana ubaya, lakini ni mtu wa malori, na maneno yake hayana breki. "Mama, ulikuwa unainywesha udongo. Angalia sufuria yako ya kuchemshia mayi, iko na ukoko mweupe ndani. Moteri njo vile vile. Inakunywa, inakunywa, kisha koo inafunga." Alicheka peke yake, akaona hakuna aliyecheka, akarekebisha kofia. Akanieleza kazi. Tumwage yote, tusafishe kwa maji ya bomba mara nyingi mpaka yatoke safi, kisha tujaze likidi ya radiateri, ile ya kijani, wala tusiongeze tena ya kisima. Likidi anayo kwenye bohari ya malori, angekwenda kuileta.

Mke wangu aliingia ndani. Nikabaki na gari langu nikipanga maneno ya kumfariji, kama nilivyozoea kuyapanga ninapokwenda kwa wafiwa. Sikuwahi kuyatumia. Alitoka amejifunga kitenge vizuri kiunoni, mkononi ana beseni lake la bati lenye ua jekundu lililochorwa chini kabisa, la zawadi ya harusi yetu.

"Kama ni miye nilichafua," alisema, "ni miye nitasafisha. Weye unionyeshe tu."

Nilitandika katoni, nikalala chini ya gari polepole, kama magoti yangu yanavyoruhusu, nikalegeza kiskurubu kilicho chini ya radiateri. Maji yalitoka mazito, ya kahawia, yamebeba vipande vya kutu kama uji ulioungua. Alichuchumaa kando yangu akishika beseni kwa mikono miwili. Aliingiza vidole katika uchafu ule, akausugua, akaunusa. Nilimwona anahesabu moyoni asubuhi zote.

"Mama," nikamwambia kutoka kule chini, "hii mayi ilinifikisha kila fasi nilienda."

Alinipa kitambaa nifute uso.

Tulimwaga uchafu katika pipa kuukuu lenye kifuniko, mbali na kuku, kisha tukafunga kiskurubu na yeye akajaza maji ya bomba. Jirani alikuwa amerudi na likidi. Akatuambia tuwashe injini na kufungua joto la ndani ya gari mpaka mwisho, ili maji ya moto yapite hata katika mabomba madogo ya kule na kuyaosha. Basi mchana wa mwezi wa joto kuliko yote, mimi na mke wangu tuliketi ndani ya gari lisilokwenda popote, tukipulizwa upepo wa moto usoni. Jasho lilimshuka mpaka kidevuni. Jirani alituchungulia dirishani.

"Ba wazee, njo safari ya ndoa? Mungenialika."

"Ingia nyuma," mke wangu akamjibu. "Tuive wote."

Jirani akaenda zake akicheka, na sisi tukacheka kidogo. Kisha kicheko kikamwisha, akasema lile lililokuwa ndani yake tangu asubuhi, macho yakiwa kwenye kioo cha mbele.

"Yaya atakufa ananingoya, juu ya mayi nilitia na mikono yangu. Na nilikuwa naiombea. Sasa Mungu alikuwa anasikia nini?"

Nimesoma Maandiko maisha yangu yote, na saa ile sikupata aya. Nilipata tu lililokuwa moyoni. "Alikuwa anasikia weye," nikasema. "Mayi hakuiangalia."

Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. Sijui kama alifuta jasho tu.

Injini ilipopoa tulimwaga tena. Safari hii yalikuwa na rangi ya chai ya mkandaa. Tukajaza, tukawasha, tukaketi katika joto letu, tukazima, tukangoja, tukamwaga. Yakawa chai ya wageni wengi, iliyoongezwa maji. Nilimwambia yanatosha. Akainua beseni kuelekea jua, akatazama ndani.

"Bado. Mupaka nione ua."

Kwa hiyo tukarudia, tena na tena, mpaka kivuli cha nyumba kikafika kisimani. Mwishowe aliliweka beseni chini mbele yangu. Chini ya maji lilikuwapo lile ua jekundu, petali zote zinaonekana, hata ile iliyobanduka mwaka tulipozaa kifungua mimba.

Likidi ya kijani aliimimina yeye, taratibu. Tuliiacha injini iungurume kifuniko kikiwa wazi, mapovu yakapanda na kupasuka, yakapungua, yakaisha, akaongeza mpaka ikajaa. Akafunga. Mkono wake ulikwenda juu ya kifuniko kama kawaida, ukasita hewani. Nikauchukua, nikauweka pale mwenyewe.

Tuliposafiri, nilikuta bidoni ya njano imejaa, iko mbele, miguuni pa mke wangu. Niliitazama. Akaniambia nisiogope, si ya motokari, ni ya Yaya. Alikuwa ameichota kisimani na kuichemsha.

Barabara ya Mitwaba haina huruma, wala sitailaumu, maana ilitupitisha. Mke wangu hakuitazama. Alitazama mshale wa joto. Katika mpando mrefu wa mawe ulianza kusogea, na midomo yake ikaanza kusogea pia. Ukafika kati. Ukatulia pale kama mtoto aliyepata mahali pa kulala, na haukupanda tena mpaka tukafika.

Yaya alikuwa kwenye mkeka mlangoni, amekonda, miguu imefunikwa. Alimshika mdogo wake usoni kwa muda mrefu. Akamuuliza kwa nini tulikawia, na mke wangu akamwambia yote, la kisima na la beseni, bila kujificha. Yaya akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaona bidoni. Akamiminiwa kikombe, akanywa polepole, akafumba macho.

"Njo yetu," alisema. "Ile ile."

Akaomba kikombe kingine. Tulikaa naye siku zote alizotupa, na mvua ya kwanza ilitunyeshea tukiwa njiani kurudi. Alilala katika Bwana mvua zikiwa katikati, barabara imefunga. Mke wangu alilia, lakini hakulia kama mtu anayedaiwa safari.

Hata leo, baada ya sala, anafungua boneti. Anatazama likidi kama iko kwenye alama yake, anaweka kiganja juu ya kifuniko, anasema maneno yake, anafunga. Hamimini kitu.

Na wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akusafishe kwa uvumilivu mpaka ua lililo ndani yako lionekane. Akuwekee nyumbani mtu wa kukuombea mapema, na apokee maombi yake hata pale mikono inapokosea. Na wanaokungoja mwisho wa barabara, uwakute wangali wanaweza kunywa. Amina.