Mpose wa Maabara

Sikuwahi kumpenda mkuu wetu wa maabara, na kisa cha mpose kilimaliza hata ile heshima ya kinafiki niliyokuwa nayo.

Kwa miaka mitatu nilichimba udongo wa shamba moja la Bengamisa nikitafuta minyoo wadogo mno wanaoua wadudu. Hawaui peke yao. Tumboni wamebeba bakteria, na bakteria ndio wenye sumu. Ili kuwanasa niliweka mpose kwenye udongo, wale funza wanono wa mchikichi tunaowanunua sokoni Kisangani kwa kitoweo. Mpose akifa, kesho yake ananuka hadi unatoka nje. Lakini siku moja nilimkuta mmoja aliyekufa siku tatu zilizopita, mwekundu kama tofali, hana harufu hata kidogo. Nikajua ana kitu ndani kinachozuia asioze.

Nilituma ng'ambo sampuli iliyokufa, ndani ya spiriti. Wakati nangoja jibu, friji yetu haikuwa na umeme, kwa hiyo niliwaweka hai minyoo na bakteria wao kwa kuwalisha mpose wapya kila baada ya wiki mbili. Mkuu alijua. Tena alikuwa ameshaniambia, bila haya, kwamba bakteria akiwa mpya atapewa jina lake yeye.

Kisha malaria ikanilaza, nikamwachia kazi. Niliporudi, beseni la mpose lilikuwa tupu, limeoshwa vizuri.

"Mpose iko chakula ya batu," akasema. "Niwapatie minyoo nyama, na mimi niko na njaa?"

Niliinama kwenye darubini. Mnyoo aliye hai hujipindapinda; wangu wote walikuwa wamenyooka kama sindano. Nilimchukia mtu yule.

Wiki hiyohiyo barua ikaja: bakteria ni mpya, hajulikani popote. Tuleteeni walio hai, maana bila hao jina halikubaliwi.

Mkuu hakusoma zaidi ya mstari wa kwanza. Akaniita mbele ya wenzangu, anachekelea.

"Bon, mutoto yangu, jina yangu bataandika lini?"

"Ulishaikaanga na pilipili, Chef."

Wenzangu wakainamia meza zao. Akaisoma barua yote, akavuta kiti, akakaa.

Sikupata raha niliyoitarajia. Hadi leo nachimba shamba lilelile la Bengamisa, na kila mpose anayekufa ananuka.