Nyaya Zilizolazwa Pamoja

Saa tatu asubuhi, na ndani ya nyumba ya pampu ya Nambulu, bondeni chini ya Newala, hakuna kinachounguruma. Filemoni Nakumbya yuko juu ya ngazi, kichwa kinakaribia kugusa bati la paa. Anachomoa waya mwembamba kutoka kwenye fungu la nyaya nene, anaupitisha vidoleni polepole kama fundi cherehani anayekagua mshono. Anasimama. Mpira unaoufunika umepasuka.

"Mwingine," anasema.

Chini ya ngazi, Swalehe Bwanali, mwangalizi wa pampu, anachora mstari wa chaki ukutani. Ni wa kumi na nne.

Leo ni siku ya tatu pampu imezimwa, na huu ni Oktoba, mwezi ambao juu mlimani hakuna kisima chenye maji. Tangi la Newala lilijazwa pomoni Jumapili. Dereva wa lori ameleta habari asubuhi hii kwamba zimebaki futi tatu za maji. Filemoni aliomba aizime siku nne. Kila gari linaposikika barabarani, anageuza shingo.

Ana miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Masasi, mtoto wa mwalimu wa kanisa. Ufundi wa umeme aliupata jeshini wakati wa vita, akauendeleza kwenye mashamba ya karanga ya Nachingwea mpaka yalipofungwa. Mtambo huu ulipojengwa mwaka 1954, nyaya zake alizilaza yeye, akabaki kuwa fundi wake.

"Trei ilifika moja tu," anaeleza, akionyesha mfereji wa bati wenye matundu uliofungwa ukutani kubeba nyaya. "Mimi nina nyaya za aina mbili. Hizi nene zinapeleka umeme wa kuzungusha pampu. Hizi nyembamba zinapeleka amri tu: washa, zima. Zilitakiwa kupita mbalimbali. Msimamizi akasema, zifunge pamoja kazi iishe. Nilijua si sawa, na nikazifunga."

Miaka mitatu ikapita salama. Lakini nyaya nene zilipata joto kila siku, zikaukausha mpira wa zile nyembamba hadi ukaanza kupasuka, na umeme wa huku ukapata njia ya kuvujia kule.

Katikati ya Septemba, tangi lilipojaa, pampu ilijizima kama kawaida. Swalehe akainama kupaka grisi kwenye mhimili. Ghafla pampu ikawaka yenyewe. Mhimili ukadaka mkono wa shati lake, ukauchana kutoka begani hadi kiganjani, ukamwangusha magotini. Alinusurika kwa sababu shati lilikuwa kuukuu.

Injinia Mzungu alikuja kutoka Mtwara, akajaribu swichi, akaziona nzima. Akaandika kwamba mwangalizi aligusa kitufe kwa uzembe, na kwamba aondoke kazini mwisho wa Oktoba.

"Kitufe kiko hatua saba kutoka pale nilipoinama," anasema Swalehe, baba wa watoto watano. "Lakini mtu ukiulizwa mara kumi, 'Hukukigusa? Una hakika?', unaanza kujitilia shaka. Nilifika mahali nikasema, labda kweli."

Filemoni alinyamaza siku tisa. Kila Swalehe alipoisogelea pampu, yeye alitangulia kuchomoa fyuzi na kuzitia mfukoni, bila kueleza.

"Fundi, siku hizi fyuzi unazilia ugali?" Swalehe alimtania siku moja. Filemoni akafunga kifungo cha mfuko.

Nyumbani nako sahani yake ilirudi imejaa. "Nilidhani ni homa," anasema mkewe, Isabela. "Nikamwambia, Baba Ida, kama ni ugonjwa twende hospitali, kama ni neno liseme."

Siku ya kumi alipanda baiskeli hadi bomani Newala, alikofikia injinia.

"Bwana, Swalehe hakugusa kitufe. Ni nyaya, na nilizilaza mimi."

"Unajua unajiandikia nini?"

"Najua, Bwana. Naomba nizime pampu siku nne."

Injinia akaweka kalamu chini. "Haya. Kama ni nyaya, nionyeshe. Kama si nyaya, mtaondoka wote wawili."

Kungojea trei nyingine ya bati kungechukua miezi, kwa hiyo Filemoni alipasulisha mbao za mninga kule Lisekese. Nyaya nene zinabaki mahali pake. Nyembamba mpya zinapita ukuta wa pili, juu ya mbao. "Zikilazimika kukutana, zikatane msalaba," anasema. "Zisitembee pamoja."

Juu mlimani, maji sasa ni madebe mawili kwa kila nyumba. Wengine wameanza tena kuteremka bondeni kwa miguu, maili sita kwenda na sita kupanda na debe kichwani. Isabela ni mmoja wao. "Wenzangu wananiuliza, mumeo ameiua pampu? Nasema anaiponya. Halafu naogopa nimesema uongo."

Saa tisa alasiri waya wa mwisho unafungwa. Injinia anafika. Jaribio ni moja: umeme urudishwe, amri isitolewe, pampu itulie saa nzima.

Swalehe anataka kusimama karibu na mhimili. Filemoni anamshika bega, anamrudisha mlangoni, anasimama yeye. Jasho linamtiririka hadi kwenye kola. Injinia ana saa mkononi. Nusu saa. Dakika arobaini. Bati la paa linalia kwa joto, wote wanashtuka. Pampu haitikisiki.

Saa inatimia. Filemoni anabonyeza kitufe, na maji yanaanza safari ya kupanda mlima. Injinia anazitazama nyaya kumi na saba zilizopasuka, zimepangwa mezani, kisha anaomba kalamu na kukata jina la Swalehe kwenye taarifa yake.

"Kwa hiyo sikukigusa," anasema Swalehe. Anarudia tena, taratibu, "Sikukigusa."

Filemoni ameketi sakafuni, lakini uso haujafunguka. Iko nyumba ya pili ya pampu, anasema, njia ya Tandahimba. Nyaya zake alizilaza mwezi mmoja baada ya hizi, nako ilifika trei moja tu. Injinia ameahidi kuandika barua Mtwara. Filemoni anataka kuzitenganisha nyaya za kule kabla ya mvua, na mtu anayepaka grisi kule hawezi kuingoja barua.

"Mwangalizi wa kule simjui hata jina," anasema, akiichukua pampu ya baiskeli ajaze upepo magurudumu. "Kesho asubuhi nitamuuliza."