Daftari Lililofungia Karanga

Sie tuliokwenda shule na fagio mkono wa kulia na kidumu cha maji mkono wa kushoto tunajuana tu, hata tukikutana leo kwenye foleni ya benki kila mtu na miwani yake. Mwananyamala ya utoto wangu naikumbuka kwanza kwa harufu: mihogo ikikaangwa kona ya barabara, vumbi la uwanja lililonyunyiziwa maji asubuhi, na mafuta ya nazi kwenye nywele zetu za twende kilioni. Tulicheza rede mpaka magoti yakaota sugu. Tulicheza kombolela mpaka mwenzetu mmoja akasahaulika mafichoni, akaja kukutwa na mama yake kalala nyuma ya tangi, anakoroma. Tulinyonya barafu za ubuyu mpaka ulimi ukawa mwekundu, halafu kwa ulimi huohuo tukaapa hatujala kitu. Watoto wa siku hizi ukiwatajia rede wanakuuliza ipo kwenye simu gani.

Kitu kimoja tu hatukuwa nacho, wenzangu, tuseme kweli: ruhusa ya kusema. Wakubwa wakiongea, mtoto anatafutiwa kazi. "Hebu nenda kaangalie kama kuku wamelala," saa nne asubuhi! Ukinuna, unanuna nini. Ukilia, "Unalia nini, nani kafa?" Na akifa mtu kweli, huambiwi.

Kwetu tulikuwa na bibi, mama yake baba, mtu wa Newala, mwenye chale usoni na kibati cha ugoro kilichofungwa kwenye pindo la khanga. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoachishwa ziwa. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchambua mchele, kusuka ukili, na kutukana kwa Kimakonde, ingawa la mwisho aliniomba nisimwambie baba. Akiwa kwenye raha zake alichukua ugoro kidogo kwa ncha ya kidole, akapiga chafya tatu, akasema, "Haya sasa dunia imekaa sawa."

Siku moja katika kukimbizana na mdogo wangu nilikipiga teke kile kibati, bibi alichokuwa kakiweka chini. Ugoro wote ukamwagika kwenye beseni la nguo. Lo! Bibi alisimama mkono kiunoni, akaniambia, "We mtoto! Ukinimwagia tena ugoro wangu mie narudi kwetu Newala, mbaki na nyumba yenu!" Watu wote walicheka. Mie pia nilicheka. Hazikupita hata wiki mbili bibi akaanza kuumwa, akawa halali usiku, hali chakula. Baba akaomba likizo akamsindikiza kusini, kwa sababu mwenyewe alisema anataka kwao.

Baba alirudi peke yake, kanyolewa kichwa kizima. Mie na mdogo wangu tulimcheka kile kipara mpaka tukashika matumbo, na baba akatuacha tucheke. Tukauliza bibi yuko wapi. Mama ndiye aliyejibu haraka: "Bibi kabaki, anasimamia korosho. Zikiisha kuvunwa atarudi." Majirani wakaja, wakakaa na mama chumbani wakisema kwa sauti ya chini, na sie tukatumwa kuangalia kuku. Hivyo ndivyo ilivyokuwaga. Siwalaumu, walifikiri wanatuhurumia. Ila mie nilishajua moyoni kwamba habari ya korosho ni uongo. Bibi alikuwa ameondoka kwa sababu ya ule ugoro.

Mwaka huohuo, darasa la tano, tukapata mwalimu mpya. Mwalimu Tegemea, dada mmoja kutoka Iringa, mwembamba, anaongea taratibu kama anamlaza mtoto. Tulimdharau wiki ya kwanza kwa sababu hakuwa na bakora. Siku ya Ijumaa akamgawia kila mtu daftari moja la kurasa arobaini, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akasema, "Hili si la hesabu wala la jiografia. Kila siku andika kitu kimoja ulichokiona au kilichokuuma au kilichokufurahisha. Mie nitaangalia tu kama umeandika. Sitasoma, na humu kalamu nyekundu haiingii."

Mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, tukikosea?"

"Humo hakuna kukosea."

Jamani! Sie tuliokuwa tukichapwa kwa kusahau nukta, tunaambiwa kuna mahali hakuna kukosea. Wengine walichora magari. Mmoja aliandika jina lake kurasa nne. Mama yangu nilipomwonesha alicheka akasema, "Mtoto ana moyo gani wa kuandikia? Mtoto anakula, analala, basi." Akaendelea kukuna nazi.

Mie siku tatu niliandika upuuzi. Siku ya nne, sijui ilikujaje, kalamu ikaandika, "Bibi, shikamoo." Baada ya hapo haikusimama. Kila jioni niliketi kwenye kizingiti cha mlango wa uani nikamwandikia bibi. Nilimweleza nani kashinda rede, nani kachapwa, mama kaunguza maharage akatuambia ni ladha mpya. Nilimweleza kitanda kimekuwa kikubwa mno. Nilimwomba radhi pia, siku nyingi, kwa maneno tofauti tofauti, nikidhani labda sijapata yale yatakayomrudisha.

Sasa ninyi wa rika langu mnakumbuka daftari likiisha lilikwenda wapi. Hakuna kilichotupwa. Mwaka wa shule ukifika mwisho, mama anakusanya madaftari yote ya watoto, anayafunga kwa kamba ya katani, anampelekea muuza karanga. Karatasi zinachanwa, zinaviringwa pembe, zinatiwa karanga. Na muuza karanga kwa shukrani anakujazia bakuli. Tulikula karanga ndani ya insha zetu wenyewe, tena tunasoma huku tunatafuna, "Ah, hii ya nani huyu, kapata mbili kwa kumi!"

Kwetu muuza karanga alikuwa Mama Shukuru, jirani wa nyumba ya nne. Siku hiyo nilitoka kisimani nikakuta bakuli la karanga mezani. Nilichota gao la kwanza. Nilichota la pili. La tatu nikalirudisha bakulini, nimekumbuka karanga hizo hulipwa kwa madaftari. Nikaenda kuinua godoro nilipokuwa nikificha daftari langu, hakuna kitu. Mama alikuwa amefanya usafi.

Nilikimbia, sikumbuki hata kama nilivaa ndala. Nilimkuta Mama Shukuru keshachana, keshaviringa, sinia limejaa pembe zimejipanga, nyingine zimeshanunuliwa. Na pale uwanjani wenzangu wamekaa mduara, mmoja wao, Sudi, kasimama juu ya tofali anasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Leo mama kaunguza maharage kasema ni ladha mpya!" Watu hoi kwa kicheko. Nyumba ya pili mama mmoja akauliza kwa sauti, "Mama Asha, hiyo ladha mpya unatufundisha lini?" Mama Asha ndiye mama yangu. Asha ni mie.

Mama alinivuta sikio mpaka nyumbani. "Umenivua nguo mtaa mzima! Ndicho hicho unachofundishwa shule, kuandika ya ndani?" Ufagio wa chelewa ulikuwa tayari mkononi. Mie nilikuwa nalia, lakini si kwa ajili ya ufagio. Nililia kwa sababu barua za bibi zimeliwa na watu kabla hazijamfikia.

Hapo ndipo baba akaingia. Baba alikuwa karani wa bohari, mtu wa maneno matano kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "haya" na "sawa". Kila jioni alinunua karanga kwa Mama Shukuru, akazila njiani, akifika nyumbani akawa anasoma ile karatasi, kwa sababu baba alisoma kila kilichoandikwa, hata mfuko wa sukari. Alisimama mlangoni na karatasi yake imekunjuka. Mama akaanza, "Unaona mwanao alivyotufanya..." Baba akainua mkono. Akasoma tena. Halafu akasoma kwa sauti, taratibu, chumvi ya karanga ikidondoka:

"Bibi, mie najua hukubaki kwa ajili ya korosho. Ulikasirika nilipomwaga ugoro. Nimeomba ugoro kwa bibi wa kina Sudi, nimeuficha kwenye soksi. Ukirudi nitakupa wote. Kama hujanisamehe sema tu nijue."

Mama akaweka ufagio chini.

Baba akaikunja ile karatasi akaitia mfukoni. Akageuka akatoka, tukadhani kakasirika. Muda si mrefu akarudi kabeba sinia zima la Mama Shukuru kichwani, yeye na shati lake la kazi na peni mfukoni, na nyuma yake Sudi na wenzake wamebeba pembe walizokuwa wamenunua, kila mmoja kimya kama katoka mazikoni. Akamwaga karanga zote kwenye beseni. Tulikula karanga zile siku nne, asubuhi na chai, jioni na ugali. Karatasi akazikunjua moja moja pajani, akazipanga.

Kisha akakaa chini sakafuni, mbele yangu. Sikuwahi kumwona baba kakaa chini. Akasema, "Asha, bibi yako alifariki. Tulifika Newala Jumatatu, Alhamisi akafariki. Ni ugonjwa. Ugoro haumuui mtu wala haumfukuzi mtu. Alikuulizia wewe. Tulipaswa kukwambia, hatukukwambia. Kosa ni letu, si lako, umenisikia?" Akalia. Baba yangu akalia mbele yetu, wala hakuharakisha kufuta machozi. Nami nikalia, safari hii kilio chenye jina. Mama alichukua sindano na uzi mweusi akashona zile karatasi zenye mafuta zikawa daftari tena, huku anasema peke yake, "Miezi yote hiyo. Mtoto kabeba peke yake miezi yote hiyo."

Tangu siku hiyo baba alikuwa akinijia na daftari jipya kila la zamani likiisha, na hakuna aliyethubutu kuligusa.

Miaka imekwenda. Siku hizi naishi Kimara, nina binti yangu Tunu, wa miaka kumi, na baba alikuja kuishi nasi uzeeni. Nyie mnawajua watoto wa sasa. Chakula hakiliwi mpaka kipigwe picha. Mtu akikwazwa kidogo anaandika kwenye simu maneno ya mafumbo dunia nzima isome, ukimuuliza una nini anasema, "Niko poa." Enzi zetu siri ililiwa na karanga kwa bahati mbaya, wao wanaitembeza wenyewe bila hata karanga.

Mwaka huu baba alifariki. Alishika kifua asubuhi, kabla ya saa sita hatunaye. Nikajiapiza: mie sitamdanganya mwanangu. Nilimkalisha Tunu siku ileile, nikamwambia wazi babu amefariki, hatarudi. Akasema, "Sawa, mama." Akaomba uji. Hakulia msibani, hakulia arobaini. Watu wakamsifu, mtoto jasiri. Mie nikaogopa. Nikamnunulia daftari, nikamwambia kama nilivyoambiwa, humu hakuna kukosea, na mie sisomi mpaka unipe mwenyewe.

Miezi minne. Nikitandika kitanda chake nalikuta chini ya mto. Mungu anisamehe, mara moja nilifungua jalada, nikaona herufi ya kwanza, nikafunga haraka. Nikalirudisha palepale.

Jumamosi iliyopita nachambua mchele uani, Tunu akaja akalisimamisha daftari mbele yangu, kidole kimeshika ukurasa. "Huu tu, mama. Mwingine usisome."

Ameandika: "Babu aliniambia kifua kinamuuma, akasema nisimwambie mama atahangaika. Sikusema. Ningesema asingekufa."

Ungo ukanitoka, mchele wote chini. Mie nilidhani ukweli ukishasemwa kazi imekwisha. Enzi zetu walituficha vifo tukabaki tunajibunia makosa. Hawa tunawaambia kila kitu, tena kwa Kiswahili fasaha, halafu hatuwaulizi wamebaki na nini. Nikakaa chini ardhini, nikamvuta. Nikamwambia kosa si lake. Akanitazama kwa macho ya mtu asiyeamini. Ikabidi nimpe kile ambacho sijampa mtu yeyote, hata mume wangu: kwamba mie pia nilimwona babu akishika kifua, wiki nzima kabla, na nikimwambia twende hospitali ananikatalia, nami nikaacha, kwa sababu kazini kulikuwa na mambo.

"Kumbe na wewe ulijua?"

"Nilijua, mwanangu."

"Na wewe unalia chooni kwa ajili hiyo?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ndipo akalia, jamani, alilia kilio cha miezi minne, na mie naye, wawili kwenye mchele uliomwagika. Alipotulia akafuta pua kwa khanga yangu, akachana karatasi moja katikati ya daftari lake, akanipa na kalamu juu yake.

"Basi na wewe andika, mama. Mie sitasoma."

Enzi zetu mtoto kumpa mama yake kazi ya kuandika angekula kofi la haja. Mie niliipokea ile karatasi kwa mikono miwili, nikakaa kizingitini, nikaandika, "Baba, shikamoo."